Taa ya Gari ni ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu muulize dereva yeyote pale Ubungo au Kariakoo: taa za mbele za gari kazi yake nini? Atakucheka kwanza, halafu atajibu, "Kuona njia, bwana. Ya nini tena?" Muulize na mtoto wa darasa la tatu, jibu ni hilo hilo. Lakini ukiifuata historia ya sheria ya taa za magari mpaka shinani, utakuta jambo la kushangaza. Sheria ya kwanza kabisa haikujali kama dereva anaona njia au haoni. Hilo lilikuwa juu yake mwenyewe. Ilichotaka ni kwamba watu wengine wamwone yeye.

Ni tofauti ndogo, utasema. Mimi nasema si ndogo hata kidogo. Ndani yake kuna swali ambalo limekuwa likibishaniwa kwa zaidi ya karne moja na nusu: barabarani usiku, nani anapaswa kuwasha taa kwa ajili ya nani? Na damu ikishamwagika, nani aulizwe habari ya giza?

Tuanzie Uingereza. Si kwamba tunaipenda sana, la hasha! Ni kwa sababu sheria zetu za barabarani huku Tanzania, Kenya na Uganda ni za ukoo huo. Ndiyo maana tunaendesha kushoto. Ukitaka kumjua mtoto, kamtazame na mzazi wake.

Mwaka 1865 gari la petroli lilikuwa halijazaliwa. Kilichokuwa kinatembea katika barabara za huko ni mitambo ya mvuke, madude ya chuma yenye tanuri na bomba la moshi, yanayokokota mizigo na mashine za shambani. Farasi walikuwa wanayaogopa, na wenye farasi ndio waliokuwa na sauti bungeni. Basi Bunge likatunga sheria ambayo baadaye watu waliibandika jina la Sheria ya Bendera Nyekundu. Mtambo usizidi maili 4 kwa saa nje ya mji, na maili 2 kwa saa ndani ya mji. Tena mtu atangulie mbele kwa miguu, yadi 60 hivi, akiwa ameshika bendera nyekundu, awaonye wapita njia na wenye farasi.

Bendera hiyo inajulikana. Watu wameicheka sana. Kifungu ambacho hakitajwi sana ni kile cha taa. Sheria ilimtaka msimamizi wa mtambo aweke taa mbili zinazofaa, zinazoonekana wazi, moja kila upande wa mbele, kuanzia saa moja baada ya jua kuzama mpaka saa moja kabla ya jua kuchomoza.

Sasa fikiri. Mtambo unaotembea maili 2 kwa saa hata bibi kizee mwenye mkongojo anaupita. Mbele yake ametangulia mtu mzima mwenye macho yake mawili. Huo mtambo una haja gani ya taa ya kuonea njia? Hauna. Taa zile mbili zilikuwa tangazo: "Hapa kuna chuma, kaa mbali." Na kwa nini ziwe mbili, moja kila ubavu? Ili anayekutana na dude hilo gizani ajue linaanzia wapi na linaishia wapi. Mpaka leo gari lenye taa moja tunaliita chongo, na linaogopwa kuliko lisilo na taa kabisa. Unadhani ni pikipiki, unalipisha kama pikipiki, kumbe ni Fuso.

Vijana wenzangu mnaojifunza kuandika, itazameni sheria hiyo kama sentensi, kama tulivyofundishwa darasani. Kiima ni nani? Ni mwenye mtambo. Kiarifu? Aweke taa. Kwa faida ya nani? Ya yule asiye na mtambo. Mwenye nguvu ndiye anayetenda, na mnyonge ndiye anayetendewa wema. Ishikeni sentensi hiyo vizuri, maana tutaiona ikigeuzwa polepole, neno baada ya neno, mpaka kiima na anayetendewa wabadilishane viti.

Baada ya mitambo zikaja baiskeli. Mwaka 1888 sheria ya serikali za mitaa ya Uingereza ilitamka kwamba baiskeli nayo ni chombo cha barabarani kama gari la farasi. Mwenye baiskeli akatakiwa kuwa na taa usiku, inayomulika upande anaokwenda, na kupiga kengele anapompita mwingine. Na hiyo taa ni ya nini? Sheria ilieleza: kuwajulisha watu kwamba baiskeli inakuja na iko wapi. Habari ya mashimo na matope haikutajwa. Siku hizo baiskeli ndicho kilikuwa chombo cha mbio, ndicho kilichotisha watembea kwa miguu, kwa hiyo wajibu ukamfuata mwenye mbio. Mantiki ni ile ile ya 1865.

Kisha ikaja 1896, mwaka wa mageuzi. Tarehe 14 Agosti mwaka huo sheria mpya ilipitishwa kwa ajili ya magari mepesi. Ilianza kutumika tarehe 14 Novemba, na wenye magari wakasherehekea kwa kusafiri kutoka London hadi Brighton. Sheria hiyo iliruhusu mwendo wa maili 14 kwa saa, ingawa kanuni zilizofuata zilipunguza kidogo. Na yule mtu wa kutangulia mbele kwa miguu akaondolewa kabisa kwa magari hayo. Kilichobaki ni taa: gari likitembea usiku liwe na taa inayowaka. Yaani kazi ya mtu mzima, mwenye macho na mdomo wa kusema "jihadharini," ilikabidhiwa kwa kichupa cha mafuta na utambi.

Siku tatu tu baada ya sheria hiyo kupitishwa, tarehe 17 Agosti, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll, wa miaka 44, aligongwa na gari la maonyesho katika viwanja vya Crystal Palace, London, akafa. Ndiye anayehesabiwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini Uingereza. Ilikuwa mchana, taa isingemsaidia. Namtaja kwa sababu afisa aliyechunguza kifo chake anakumbukwa kwa kusema kuwa anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena. Wee acha! Tumaini hilo tutaliona lilivyoishia.

Kabla hatujaendelea, naomba tusimame kidogo kwenye maneno haya: "saa moja baada ya jua kuzama." Kwetu sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili, maneno hayo yana jina fupi: saa moja usiku. Na saa moja kabla ya jua kuchomoza ni saa kumi na moja alfajiri. Saa yetu yenyewe imejengwa juu ya jua. Dar es Salaam, kutoka Januari mpaka Desemba, wakati wa jua kuzama haupishani hata kwa saa moja nzima. London jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na la Juni huzama baada ya saa tatu usiku kwa saa zao za kiangazi. Tena likishazama, mwanga wao hauondoki upesi. Katika Juni jioni yao hukawia robo tatu ya saa hivi kabla giza halijaanza kushika. Huku kwetu dakika ishirini na kitu tu, basi, usiku umeingia kama mtu aliyebamiza mlango.

Kwa hiyo ile saa moja ya msamaha ilikuwa ni jioni ya Uingereza iliyoandikwa kisheria. Huko mtu asiye na taa, saa moja baada ya jua kuzama siku ya kiangazi, bado anaonekana. Huku kwetu saa moja usiku ni usiku kamili, hata mbuzi wako humtambui. Waingereza wenyewe waliona kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Sheria yao ya taa ya 1927 iliweka vipimo viwili: saa nzima baada ya jua kuzama wakati wa saa za kiangazi, na nusu saa wakati mwingine wa mwaka. Giza, ndugu zangu, nalo lina nchi yake. Anayeandika sheria ya giza lazima kwanza atoke nje jioni atazame.

Turudi kwenye magari. Mwaka 1903 Uingereza ilileta namba za usajili, na kanuni zake zikataka kuwe na taa ya kumulika namba ya nyuma usiku, kila herufi na kila tarakimu isomeke. Hapa tunaona mlengwa mpya wa taa: polisi. Taa ya kwanza ilisema, "Mimi ni hatari, kaa mbali." Hii ya namba ikasema, "Mimi ni fulani, na nikikimbia mnaweza kunitafuta." Sidhani kama kuna taa yenye adabu kuliko hiyo, na ndiyo maana wenye kutaka kukimbia huanza kwa kuiua hiyo.

Wakati huo huo taa zenyewe zilikuwa zinabadilika. Za kwanza zilikuwa za mafuta na mishumaa, zinazotoa mwanga wa kibatari, dereva haoni zaidi ya hatua chache. Zikaja taa za gesi: maji yanadondoka tone kwa tone juu ya kabidi, gesi inatoka, inawaka kwa mwali mweupe mkali, na nyuma yake pana kioo cha kuutupa mwanga mbele. Halafu umeme. Gari la Cadillac la 1912 lilitoka kiwandani na taa za umeme pamoja na staata ya umeme. Baada ya hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Sasa taa iliweza kurusha mwanga mbali, na dereva akaweza kukimbia usiku.

Hapo ndipo taa ilipobadilisha bwana. Ilikuwa mtumishi wa mtu aliye nje ya gari, ikawa mtumishi wa mtu aliye ndani. Na kadiri ilivyokuwa kali, ndivyo ilivyozidi kumdhuru yule iliyeanzishwa kwa ajili yake. Mtembea kwa miguu aliyekuwa anaonywa na taa, sasa anapofushwa nayo. Kila aliyewahi kutembea kando ya barabara kuu usiku anayajua haya. Gari linakuja na fulu zake, unasimama kama swala, hata mtaro ulipo huuoni tena.

Sheria ikalazimika kuingilia. Katika miaka ya 1930 kanuni za Uingereza zikataka taa kali ziwe zimeinamishwa au ziweze kuinamishwa, zisimpofushe mtu. Mtu yupi? Walimpima kabisa. Ni mtu aliye kwenye usawa ule ule na gari, umbali wa zaidi ya futi 25, ambaye macho yake yako kimo cha futi 3 na inchi 6 au zaidi kutoka ardhini. Yaani kama sentimeta 107. Nilipoisoma kanuni hiyo nilikaa kimya kwa muda. Nani ana macho kwenye kimo hicho? Dereva mwingine aliyeketi ndani ya gari lake, na mtu mzima aliyesimama. Na mtoto wa darasa la kwanza, ambaye macho yake hayajafika hapo? Yeye hakupimwa. Msiseme sheria ni maneno makavu tu. Ndani ya inchi sita kuna mtoto amesahauliwa.

Ugomvi mkubwa, lakini, ulikuwa nyuma ya baiskeli. Sheria ya 1927 iliyataka magari yawe na taa mbili nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kwa baiskeli iliruhusu kiakisi chekundu nyuma badala ya taa, kile kioo kinachong'aa kikimulikwa. Wenye magari hawakuridhika. Walitaka mwenye baiskeli alazimishwe kuwasha taa ya nyuma. Chama cha waendesha baiskeli watalii, kilichoanzishwa tangu 1878, kikakataa katakata.

Unaweza kujiuliza: hivi hawa watu wamerogwa? Taa ya nyuma itawalinda, wanaikataa ya nini? Sikiliza hoja yao. Walisema: anayekuja nyuma ndiye mwenye mwendo, ndiye mwenye chuma, tena ndiye mwenye taa kali mbele. Basi na aendeshe kwa mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya eneo analoliona. Asipoweza, kosa ni la mwendo wake. Mkimlazimisha mwenye baiskeli kubeba taa ya nyuma, siku ikizimika kwa upepo au kwa mvua akagongwa, ataambiwa amejigongesha. Mnahamisha mzigo kutoka kwa anayegonga mnampa anayegongwa.

Waliokuwa upande wa pili nao hawakuwa wajinga. Walisema baiskeli ni nyembamba, usiku haionekani, na dereva mwema naye anaweza kuua mtu pasipo kutaka. Maiti hafaidiki na hoja. Na maiti walikuwa wengi. Mwaka 1934 peke yake watu 7,343 waliuawa barabarani nchini Uingereza, karibu nusu yao watembea kwa miguu. Lile tumaini la afisa wa 1896 lilikuwa limeishia hapo.

Kilichoamua ugomvi huo ni vita, wala si hoja. Tangu tarehe 1 Septemba 1939 Uingereza iliamriwa kuzima taa zote usiku ili ndege za Ujerumani zisipate shabaha. Taa za magari zikafunikwa vifuniko vyenye nyufa nyembamba. Ukitembea na tochi, uifunike kwa karatasi nyepesi. Kingo za barabara zikapakwa rangi nyeupe, hata bampa za magari. Waendao kwa miguu wakashauriwa kuvaa kitu cheupe. Na wenye baiskeli wakalazimishwa kuwa na taa nyekundu nyuma.

Matokeo yake? Mwaka 1938 walikufa barabarani watu 6,648. Mwaka 1939 wakafika 8,272. Mwaka 1940, 8,609. Mwaka 1941, wakati petroli ni ya mgawo na magari mengi yamelazwa, walikufa 9,169. Giza lilionyesha waziwazi taa ilikuwa inafanya kazi gani. Hakuna hotuba ingeweza kulisema hilo vizuri zaidi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 mataa ya miji yakawashwa tena. Lakini amri ya taa ya nyuma ya baiskeli haikuondoka na vita. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuifanya ya kudumu. Kiima cha sentensi kilikuwa kimeshahama. Mwaka 1865 iliandikwa: mwenye chuma ajionyeshe kwa mnyonge. Mwaka 1945 ikaongezwa: na mnyonge naye ajionyeshe kwa mwenye chuma, asipojionyesha shauri yake.

Haya yote yalitufikia huku kwa meli, pamoja na magari na baiskeli zenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika iliingia chini ya Waingereza, wakaja na sheria zao za barabarani. Tulipopata uhuru tukaandika zetu. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Kenya ina Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Lakini ukoo haujifichi.

Babu yangu alikuwa na Raleigh yenye dainamo, ile chupa ndogo inayosuguana na tairi. Alikuwa akiitunza taa ile kuliko miwani yake, maana mjini enzi za mkoloni ukikamatwa na baiskeli isiyo na taa ni faini, na faini ilikuwa inakula mshahara. Alinieleza ubaya mmoja wa dainamo: ukikanyaga inawaka, ukisimama inazimika. Yaani pale unaposimama katikati ya barabara kumpisha mtu, ndipo unapopotea machoni pa watu. "Taa ya maskini," alisema, "inataka uendelee kuchoka."

Sasa nitasema jambo linalonifanya niandike makala hii. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee akituletea mkaa kwa baiskeli kutoka upande wa Kisarawe. Magunia mawili, wakati mwingine matatu, yamepangwa nyuma mpaka yanampita kichwa. Alikuwa anaondoka kwao usiku ili alfajiri awe mjini. Kiakisi chake kilikuwepo, sawasawa na sheria, ila kilikuwa chini ya magunia. Alfajiri moja lori lilimgonga kwa nyuma. Gazeti moja liliiandika habari yake kwa mistari minne: mwendesha baiskeli amegongwa na lori na kufariki dunia, inasemekana baiskeli yake haikuwa na taa.

Nimeisoma mistari ile mara nyingi kuliko riwaya yoyote niliyonayo. Tazama kitenzi: amegongwa. Kauli ya kutendwa. Aliyegonga ni lori, kana kwamba lori liliamka lenyewe usiku likawashwa na kutoka. Dereva hayumo katika sentensi. Mwendo wake haumo. Hakuna aliyeuliza lori lilikuwa na taa ngapi, kali au hafifu, wala breki zake zilikuwaje. Sehemu pekee yenye mtu mwenye kosa ni ile ya mwisho, na mwenye kosa ni marehemu. Wale waendesha baiskeli wa Uingereza waliyatabiri hayo mapema. Mzigo umehama, tena umehamia kwa mtu aliyekuwa amebeba magunia tayari.

Msinielewe vibaya. Sisemi mtu aendeshe baiskeli bila taa. Mwenye uwezo wa kununua taa na anunue leo, siyo kesho, na mwenye bodaboda atengeneze taa yake ya nyuma. Ninalosema ni kwamba taa ya mnyonge isifanywe kibali cha mwenye nguvu kutokuangalia. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023 zinasema watu kama milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Hao ndio waliowashiwa taa za kwanza mwaka 1865.

Kuna nchi zimeanza kurudi kwenye wazo lile la kwanza. Sweden tangu tarehe 1 Oktoba 1977 iliamuru magari yawashe taa hata mchana kweupe. Umoja wa Ulaya nao tangu Februari 2011 unataka aina mpya za magari madogo zitoke kiwandani na taa za mchana. Taa ya mchana haimwonyeshi dereva kitu chochote, jua lipo. Kazi yake ni moja tu: wengine wamwone. Karibu karne moja na nusu imepita ndipo sheria ikakumbuka ilikuwa imetumwa nini.

Na sisi? Sisi kwa muda mrefu tulichagua njia ya mkato. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mabasi ya abiria Tanzania yalizuiwa kusafiri usiku kucha. Badala ya kulitawala giza tukalifungia mlango. Mwaka 2023 serikali iliufungua mlango huo, mabasi yakaruhusiwa tena. Kwa hiyo swali la taa limerudi mezani, na safari hii halina pa kujificha.

Lakini msidhani kwamba barabara zetu hazina sheria zake zisizoandikwa. Lori likiharibika njiani, utingo hukimbilia porini akakata matawi ya miti na kuyapanga nyuma hatua kwa hatua. Kila dereva anayasoma: punguza mwendo, mbele kuna mwenzako amekwama. Madereva wanaopishana humulikiana kuambiana kuna ng'ombe barabarani, au, tusidanganyane, kuna trafiki. Tawi haliwaki gizani, na mara nyingi huachwa barabarani likawa balaa lingine. Hata hivyo lina kitu ambacho mistari minne ya gazeti haikuwa nacho. Anayelikata ni mwenye lori, na analikata kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Vijana wenzangu, tunapenda kusema kwamba fasihi ni mashairi na hadithi, na sheria tuwaachie mawakili. Mimi nawaomba mzisome sheria, na habari fupi za magazetini pia, kwa jicho lile lile mnalosomea riwaya. Kila mnapokuta mtu amekufa barabarani, tafuteni kiima. Nani ametenda? Nani amefichwa nyuma ya kitenzi? Na mkiona hayumo, kaeni muiandike sentensi upya, mmuweke.